Shangazi Kalunde na Bahari ya Serikali

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja hapa, kwa sababu jina la nchi ni mali ya Serikali na kulitumia bila kibali kuna ada. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya amani. Ina mlima, ina maziwa, ina bahari, na kila kimoja kina wizara yake, waziri wake, na gari la waziri wake. Sisi wananchi ndio wamiliki wa vyote hivyo kwa pamoja. Ndiyo maana haturuhusiwi kuvigusa ovyo.

Bahari yetu iko katika Jiji la Pungaupepo, ambalo Redio ya Taifa hulisifu kila asubuhi, baada ya matangazo ya vifo. "Mwananchi, umeshafika Pungaupepo?" huuliza mtangazaji kwa sauti ya kubembeleza. "Unangoja nini?" Wengi wetu tulikuwa tunangoja mshahara.

Mimi naitwa Lubinza, karani katika Idara ya Kupokea Malalamiko. Idara yetu haijapokea lalamiko hata moja tangu mlango wake ulipofungwa, na kwa hilo tulipewa cheti. Sikuwa na haja ya bahari. Aliyekuwa na haja nayo ni Shangazi Kalunde, dada wa marehemu baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa sijui kufunga kaptula.

Shangazi ana mume, Mzee Sizya, ambaye ujanani alifanya kazi reli. Siku moja reli ilimpeleka pwani, akaingia baharini mpaka magotini, akarudi bara na maneno ambayo hajaacha kuyasema mpaka leo: kwamba ukisimama pale maji yanaporudi, bahari inakuvuta miguu kama ndama anayenyonya. Si hivyo tu. Kila wanapobishana, iwe juu ya mbegu, iwe juu ya mahari ya binti yao, Mzee Sizya humaliza mjadala kwa kusema, "Nyamaza, mke wangu. Wewe hujawahi kuingia baharini."

"Nipeleke," Shangazi aliniambia, ameshafunga kanga yake kiunoni kabisa. "Nataka niingie mwenyewe. Kama haivuti, basi nimezeeka na mwongo, na nitamwambia hivyo mbele ya wakwe zake."

"Na kama inavuta, Shangazi?"

Akakaza fundo la kanga. "Hapo sijui. Nipeleke kwanza."

Nikakusanya vijisenti vyangu, nikakata tiketi za basi za kwenda na kurudi, yeye akachemsha viazi vitamu vya kutosha harusi, tukaondoka.

*

Basi lilitushusha Pungaupepo alasiri. Kabla mguu wa pili haujagusa ardhi, alitokea afisa mwenye kofia na kiti chake cha plastiki, akakaa mbele yetu.

"Mambo?" akaniambia.

"Poa," nikajibu.

"Karibuni Pungaupepo. Ada ya kukaribishwa."

Nikalipa. Kukaribisha watu kutwa nzima ni kazi ya kuchosha, na mtu hawezi kuifanya bure.

Hapa sina budi kumweleza msomaji wa ng'ambo, kama yupo, desturi moja ya nchi yetu. Kwetu hakuna mtu, awe polisi, awe mtoza ushuru, anayeweza kudai chochote kabla ya salamu kwisha. Jambo hilo halimo katika Katiba, na pengine ndiyo sababu linaheshimiwa. Sasa maofisa wa Pungaupepo ni wachapakazi. Waliunda kamati, kamati ikatembelea nchi za jirani kujifunza, ikarudi na salamu fupi kuliko zote zilizowahi kutamkwa na binadamu, ndiyo hiyo mambo na poa. Tangu hapo mapato ya jiji yamepanda sana.

Shangazi lakini alikuwa amenuna. "Hiyo ndiyo salamu? Kijana mzima hajaniamkia. Ameniruka kama gogo la njiani."

"Mjini wana haraka, Shangazi."

"Haraka ya kwenda wapi, naye amekaa kwenye kiti?"

Kwetu bara salamu huanza kwa mkono, na mkono hauachiwi mpaka kila mtu wa nyumbani kwa mwenzako ameulizwa hali. Shangazi Kalunde ndiye anayeaminiwa kwa kazi hiyo kijijini. Akienda kisimani asubuhi, maji hufika saa za chakula cha mchana. Nikamwomba aniachie mimi mazungumzo yote na maofisa, kwa kuwa mimi nimesoma na najua kusema poa.

Jiji lenyewe, nisiwe mchoyo wa sifa, ni zuri mno. Muziki unatoka kila mlango, na hakuna mlango unaopiga wimbo wa mwenzake. Vijana wanacheza mpira barabarani na magari yanasubiri goli lifungwe. Kuna madafu, kuna mishikaki, kuna mama mmoja anayekaanga pweza kwenye karai kubwa, na harufu yake ilitufanya tusimame wote wawili, tukavuta pumzi.

"Mambo?" ikasema sauti nyuma yangu.

"Poa."

"Ada ya harufu."

Nikalipa, kisha tukavuka upande wa pili wa barabara tukiwa tumeziba pua. Shangazi alicheka mpaka akalazimika kuegemea ukuta, na kwa bahati nzuri ukuta ule haukuwa na afisa.

*

Tulipanga katika gesti ya Bi Kidawa, mama mnene mchangamfu aliyevaa hereni kubwa kama bangili. Alitupokea kama ndugu waliopotea.

"Karibuni jamani, karibuni wageni wangu! Bahari hiyo hapo nyuma ya ukuta, mnaisikia? Haya, sikilizeni, kusikiliza bado hawajakuwekea bei. Ila dirisha la upande huo msilifungue. Limepigwa lakiri na Mamlaka ya Mandhari."

"Na joto hili?" nikauliza.

"Feni ipo, baba. Lakini nisikudanganye, upepo wake wa daraja la tatu. Unaanzia kwenye mahoteli, ukitoka huko unapita kwa waheshimiwa, ndipo unakuja kwetu ukiwa umechoka. Wewe lala tu chali, utaupata."

Shangazi alikuwa ameweka sikio ukutani. Alikaa hivyo muda mrefu, akiwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. "Inapumua," akasema. "Huyo mzee hakuniambia kama inapumua." Nilimtazama nikafurahi kwamba nimemleta, hata kama mfukoni palikuwa pameanza kupiga mwangwi.

*

Asubuhi tulikwenda kwenye Kituo cha Huduma kwa Mwananchi, kwa kuwa ndicho kilichotangazwa redioni kwamba kinahudumia wenye kipato cha chini. Basi letu la kurudi lilikuwa la jioni ile ile, na sikutaka tupoteze muda.

"Mambo?"

"Poa. Tunaomba kuingia baharini."

"Bahari gani?" akauliza dada wa mapokezi, mpole sana. "Bahari Kuu au Bahari Ndogo?"

Sikujua kama zipo mbili. Akanieleza kwamba Bahari Kuu ni ile ya nje, ambayo wageni kutoka ng'ambo wanaiingia bure na wananchi wanailipia. Nikauliza kwa nini, si kwa ubishi bali kwa kutaka kujifunza.

"Kwa sababu bahari si yao," akanijibu. "Sasa utamtozaje mtu pesa kwa kitu kisicho chake? Huo si utakuwa wizi? Lakini ninyi ni yenu, na mwenye mali ndiye anayegharamia mali yake."

Sijawahi kusikia jambo lililoelezwa vizuri namna hiyo. Nilipoiona ada ya Bahari Kuu, hata hivyo, ilinibidi nikae chini. Nikalipia Bahari Ndogo, na hapo pesa yangu ikaisha.

Bahari Ndogo ilikuwa beseni la bluu. Lilikuwa katikati ya ukumbi, limezungushiwa kamba, na wananchi walikuwa wamepanga foleni huku wamekunja suruali. Maji yake yalikuwa ya bahari kweli; yaliletwa kwa ndoo kila Jumatatu. Pembeni alisimama kijana nadhifu mwenye tai, Afisa Mawimbi, aliyesomea mawimbi kwa ufadhili katika nchi isiyo na pwani. Mwananchi akishaingiza miguu, yeye hulitikisa beseni kwa mikono miwili, mara tatu, kisha husema, "Asante kwa kuitembelea bahari yako."

Shangazi akaingiza miguu. Kijana akatikisa.

"Haivuti," akasema Shangazi.

"Samahani, mama?"

"Nimesema haivuti. Hebu tikisa vizuri."

Kijana akatikisa tena, mpaka tai ikaingia majini. Shangazi akatoa miguu taratibu, akaifuta kwa upindo wa kanga mguu mmoja mmoja, akanitazama. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mwanamke aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nilipougua surua alikuwa amesafiri nchi nzima, na mimi nimempeleka kwenye beseni. Niliona haya, na roho iliniuma.

"Twende tukaione hata kwa mbali," nikasema.

*

Lango la Bahari Kuu lina bango kubwa lenye picha ya familia inayocheka. Chini yake pameandikwa: MWANANCHI, HII NI BAHARI YAKO. ADA HAPA. Wananchi wengi walikuwa wamesimama pale na vifurushi vyao, wakitazama. Kupitia vyuma vya lango tuliona mchanga mweupe, miamvuli ya rangi, wageni waliolala wamekuwa wekundu, na mbele yao maji, ya bluu kuliko beseni.

Siku hiyo palikuwa na shughuli. Hema lilikuwa limefungwa ufukweni, na Mheshimiwa Waziri wa Bahari, Dakta Kisambale, alikuwa anazindua Wiki ya Mwananchi Kuipenda Bahari. Alisimama ameipa bahari mgongo, amevaa suti ya vipande vitatu na viatu vinavyong'aa, na spika zilitufikishia kila neno.

"Ndugu wananchi, ambao kwa sababu za usalama wenu hamkuruhusiwa kuwepo hapa!" alisema, na wajumbe ndani ya hema wakapiga makofi. "Nawauliza, bahari hii ni ya nani? Ni yenu! Na Serikali ninayoitumikia haitavumilia hata dakika moja kuona mali yenu inaingiwa na watu, inakanyagwa na watu, inalowesha watu! Tutailinda bahari yenu mpaka siku ya mwisho!"

Niliguswa. Nilikuwa nimeanza kula kiazi, nikakiweka chote mdomoni ili nipate mikono ya kupiga makofi. Hapo ndipo Afisa Ufukwe wa langoni, jina lake Mbwarali kama kibandiko cha kifuani kilivyosema, alipotukaribia.

"Mambo?"

Nikataka kujibu. Msomaji anayekijua kiazi kitamu kilicholala anajua kwamba haiwezekani. Nikatoa macho tu, na Shangazi akasogea mbele yangu.

"Unamwambia nani mambo?"

"Aah, mama, mimi nasalimia tu..."

"Huko ndiko kusalimia? Mimi ni rika lako? Kwenu hawakukufunza?"

Wananchi wote langoni waligeuka. Mbwarali alikuwa mtu mzima mwenye masharubu, lakini niliona masharubu yale yakinywea. Akashusha rungu lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Shangazi akatoa mkono, Mbwarali akaushika, na hapo ndipo alipokosea, maana alidhani atarudishiwa. "Hujambo?"

"Sijambo, mama. Sasa kuhusu ada..."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo... nadhani."

"Unadhani?" Shangazi alianza kutembea. Kwetu watu husalimiana huku wanakwenda, na Mbwarali, akiwa ameshikwa mkono, alikwenda pia. Wakapita langoni hivyo, na mimi nikawafuata nikiwa bado natafuna. "Mama yako mzazi, unadhani?"

"Sijamwona siku nyingi, mama. Kazi hii hainipi nafasi."

"Pole, mwanangu. Na nani anamwangalia?"

"Dada yangu, Mwanaidi."

"Mwanaidi naye hajambo? Ameshazaa?"

"Ana mapacha," akasema Mbwarali, na uso wake ukabadilika kabisa. "Wa kiume wote. Wakorofi hao, mama, huwezi kuamini! Juzi nilisikia wamemfungia mwalimu chooni." Akacheka, akaanza kumweleza habari za mapacha, na wakapita miamvuli, wakapita wageni wekundu, wakapita bango la MWISHO WA WANANCHI.

Filimbi ikalia. Mkurugenzi wa Mchanga, mtu mfupi mwenye kaptula iliyopigwa pasi, alikuja mbio.

"Mbwarali! Huyu mama amelipa?"

"Bado tunasalimiana, bosi."

Mkurugenzi akaitoa filimbi mdomoni. Hata yeye alizaliwa na mtu. "Basi mumalize upesi," akasema, "nami nimsalimie, ndipo nimtoze." Lakini mkono wa kulia wa Shangazi ulikuwa kazini, na wa kushoto hauwezi kupewa mtu mwenye heshima zake. Mkurugenzi akalazimika kusubiri zamu yake huku anatembea nyuma, filimbi mkononi, akiitikia "hawajambo" pale Mbwarali aliposahau.

Hotuba ikakatika. Mheshimiwa Waziri alikuwa ametuona. Alishuka jukwaani na walinzi wake, wapiga picha wa televisheni wakamfuata kwa pupa, na wakati anatufikia Shangazi alikuwa amesimama kwenye mchanga uliolowa, mawimbi yakiishia mbele kidogo ya vidole vyake.

"Kuna nini hapa?" akauliza Waziri.

Shangazi alimwachia Mbwarali, akamgeukia mgeni mpya, akamtazama kuanzia viatu mpaka miwani, kimya. Kamera zote zikamwelekea Mheshimiwa. Nchi nzima ilikuwa inatazama kama mtoto wa watu atamdai bibi kizee ada kabla ya kumwamkia. Jasho lilimtoka. Kisha, taratibu, goti lake likapinda, na nilipoliona lile goti nikajua kwamba huyu ni mtu wa bara kama sisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lete mkono."

Akaleta. Shangazi akamuuliza hali yake, ya mkewe, ya watoto, ya mama mkwe, ya jirani wa mama mkwe, na kwa kila jibu alipiga hatua moja nyuma, kuelekea majini, na Mheshimiwa akapiga hatua moja mbele. Wimbi la kwanza liliingia ndani ya viatu vinavyong'aa. Walinzi wakataka kuliondoa. Wimbi la pili likafika magotini kwa wote wawili, likatulia kidogo, likaanza kurudi.

Shangazi akanyamaza katikati ya swali.

Maji yalikuwa yanakwenda, mchanga unakimbia chini ya nyayo zake, naye akayumba akamng'ang'ania Waziri wa nchi kama anavyoning'ang'ania mimi akivuka mto. Akatazama chini. Likaja jingine, likarudi, akayumba tena.

"Inavuta," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga kelele mpaka wageni wakainuka kwenye vitanda vyao. "Lubinza! Inavuta! Mume wangu si mwongo!"

Akacheka, machozi yanamtoka, na mimi nikalia naye bila aibu, kiazi kikiwa kimeshashuka. "Maskini mzee wa watu," akasema. "Miaka yote namwita mwongo mbele ya watoto. Nikirudi nitamwambia nini mimi?"

Mheshimiwa Dakta Kisambale alikuwa naye anatazama miguu yake. Amekuwa Waziri wa Bahari kwa awamu mbili. Ameihutubia, ameizindua, ameiwakilisha mikutanoni huko kwenye theluji.

"Kumbe ndivyo ilivyo," akanong'ona. "Mama, ni kweli, inavuta."

Kule langoni wananchi walikuwa wameangaliana. Mama mmoja aliyebeba kapu alimshika askari mmoja wa lango mkono kwa nguvu. "Hujaniamkia, mwanangu," akamwambia. "Na baba yako, mguu wake unaendeleaje?" Hakumjua baba yake wala mguu wake, lakini askari akaanza kueleza, nao wakaanza kutembea. Mzee mmoja akamshika afisa mwingine. Muda si muda ufukwe ulijaa watu wawili wawili walioshikana mikono, wakiulizana habari za shangazi na wajukuu na kizimba cha kuku, wote wakielekea majini, na Mkurugenzi wa Mchanga alikuwa ameshapata mtu wa kumsalimia, yumo mpaka kiunoni, analia kwa kumkumbuka bibi yake.

Mbwarali peke yake ndiye aliyebaki nchi kavu. Alikuwa mtumishi mwaminifu, na kanuni alizijua kwa moyo. Akakohoa kidogo, akasimama wima, akapiga saluti.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Kwa mujibu wa sheria uliyoisaini mwenyewe, raia yeyote akishaingia majini... Naomba ada yako, Mheshimiwa."

Kamera zikamgeukia Waziri. Waziri akamtazama Mbwarali, akaitazama bahari, akajipapasa mifuko ya suti iliyolowa. Kisha akaushika mkono wa Shangazi Kalunde kwa mikono yake yote miwili.

"Usitukatize, kijana," akasema. "Sijamuuliza habari za ng'ombe."

"Hawajambo, baba," akajibu Shangazi, akavuta pumzi ndefu, akaanza kumtajia mmoja mmoja kwa jina.